Harusi iko Mbeya, gari lina mkopo Nairobi: uchambuzi wa safari moja ya kuvuka mpaka

Familia moja ya Donholm, Nairobi, ilikuwa na harusi Mbeya, Jumamosi ya katikati ya Desemba. Bwana harusi alikuwa mdogo wa mke. Alikwenda Mbeya kikazi, akapata mchumba huko huko, na mahari ilikuwa imeshatolewa. Waliotaka kusafiri kwa gari kutoka Nairobi walikuwa sita: mwalimu wa sekondari ambaye nitamwita Mwalimu, mkewe, wavulana wao wawili, mama mkwe mwenye umri wa miaka 67, na binti wa miaka tisa, mtoto wa shemeji yake Mwalimu anayefanya kazi Doha. Binti huyo ndiye angetangulia mbele ya maharusi na kikapu cha maua. Gari lilikuwa Toyota Noah, bado lilikuwa linalipiwa mkopo benki.

Waliniletea mpango wao zikiwa zimesalia wiki tano, na ulikuwa mpango wa watu makini. Tairi mbili mpya, breki zimekaguliwa, mkanda wa injini umebadilishwa. Nyumba ya wageni Dodoma ilikuwa imelipiwa. Kwenye kurasa mbili walikuwa wameandika vituo vya mafuta, bajeti ya chakula, hata nani atakaa kiti gani ili mama mkwe asiumie magoti. Jambo ambalo halikuandikwa popote ni majina. Niliwauliza: logibuku ya gari, yaani hati ya umiliki, ina jina la nani? Cheti cha kuzaliwa cha binti kina majina ya nani? Na Mama anavuka na hati gani? Logibuku ilikuwa na majina mawili, la Mwalimu na la benki, na yenyewe ilikuwa imefungiwa benki. Cheti cha mtoto kilikuwa na jina la mama yake peke yake, na mama yuko Qatar. Mama mkwe alikuwa na kitambulisho cha taifa tu.

Msimamo wangu ndio huu, na kisa hiki kiliuthibitisha: safari ya barabara ya kuvuka mpaka ipangwe kuanzia dirisha la afisa, kisha urudi nyuma hadi mlangoni kwako. Tairi ikipasuka Kajiado kuna fundi. Karatasi ikikosekana mpakani Namanga hakuna fundi, na saa hiyo watoto wako wamekwisha amshwa usiku wa manane, na harusi haingoji.

Tuanze na mpaka wenyewe, maana wengi huuwaza kama lango la kupita. Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli. Ukitoka Kenya hushughulikiwi upande wa Kenya. Unaendesha moja kwa moja hadi jengo la Tanzania, na ndani yake wamekaa maafisa wa nchi zote mbili. Wa Kenya anagonga muhuri wa kutoka, wa Tanzania wa kuingia, halafu unahamia forodha kwa ajili ya gari. Ukirudi, mambo yote hufanyika jengo la Kenya. Kwa hiyo kuna misururu miwili inayotembea kwa kasi tofauti: wa watu na wa gari. Familia yenye watoto huona ya kwao imekwisha, wakaanza kutafuta soda, huku dereva bado yuko forodha anatoa maelezo ya gari ni la nani.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi kubwa. Gari la mkopo wa namna hii lina wenyewe wawili. Forodha ya Tanzania hulipatia gari kibali cha kuingia kwa muda, na haiwezi kufanya hivyo bila kuona uthibitisho wa umiliki. Upande wa Kenya nao wana sababu ya kuuliza, kwa kuwa gari lenye deni likivuka na kuuzwa huko, benki imepoteza. Dawa yake inajulikana: barua ya benki inayosema kwamba haina pingamizi gari hili kwenda nchi fulani, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, pamoja na nakala ya logibuku iliyogongwa muhuri na benki.

Mwalimu alikwenda tawini kwake siku iliyofuata. Akaambiwa siku tatu. Zilipita siku kumi, kwa sababu tawi halina mamlaka ya kuandika barua hiyo. Ombi hupelekwa makao makuu, idara ya mikopo ya magari huangalia kama malipo hayajachelewa, ndipo mtu mwingine husaini. Sioni ubaya wa benki kukagua. Ninacholaumu ni kumwambia mteja siku tatu wakati anayesema hivyo anajua barua haitoki mezani kwake. Aliyepanga safari ya Ijumaa akaomba barua Jumatatu, huyo harusi imempita.

Barua ilipotoka, nilimwomba Mwalimu asiikunje kwanza. Tuliisoma tukiwa tumesimama kando ya gari, herufi kwa herufi. Namba ya usajili iliishia na P, ilhali kibao cha gari kimeandikwa F. Namba ya chasisi ilikuwa sawa. Tena barua ilimtaja Mwalimu peke yake kama dereva, na mpango wao ulikuwa apokezane na mkewe kuanzia Babati. Kosa la herufi moja lingeweza kueleweka mpakani au lisieleweke, inategemea na nani yuko dirishani. Jina la dereva wa pili ni zito zaidi, maana polisi wa njiani akimkuta mama ameshika usukani wa gari la benki wakati barua inamtaja baba, ana haki ya kuuliza. Barua ikarudi benki. Tulisisitiza iwe na majina ya madereva wote wawili na namba za leseni zao, namba ya chasisi na ya injini, neno Tanzania, na tarehe za mwisho zilizozidi siku ya kurudi kwa wiki nzima, kwa sababu gari linaweza kuharibika na mgonjwa anaweza kupatikana.

Katikati ya kungoja huku mke wa Mwalimu alitoa wazo: wachukue gari la kaka yake, Fielder kuukuu isiyo na deni, mwenye gari aandike barua na kuambatisha nakala ya kitambulisho. Kwa upande wa karatasi wazo lilikuwa zuri. Lakini Fielder ina viti vitano na wao ni sita. Kumpakata mtoto wa miaka tisa kwa zaidi ya kilomita elfu moja ni jambo ambalo sikukubali hata kulijadili.

Bima ilichukua muda mfupi zaidi, ila ina mtego mmoja ambao watu wazima wenye akili zao huingia. Kadi ya manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), mpango wa bima uliopo tangu miaka ya 1980, inatambuliwa Tanzania ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Unaipata kwa kampuni yako ya bima hapa Nairobi. Inachobeba ni madhara utakayomfanyia mwingine, pamoja na matibabu ya dharura ya waliomo garini. Gari lako likipinduka Kondoa, kadi hiyo hailijengi. Ili bima kubwa ikufuate nje ya Kenya unahitaji maandishi ya ziada kutoka kwa kampuni, yanayosema Tanzania imo. Kwa gari la mkopo jambo hili lina uchungu mara mbili: gari likiharibika kabisa huko bila maandishi hayo, gari limekwenda na deni limebaki. Mwalimu alikuwa na hakika kwamba bima yake "ni ya Afrika Mashariki nzima". Tulipofungua mkataba, ilikuwa ya Kenya.

Sasa watu. Kwa mtoto asiye wako, sheria na hofu ya biashara ya watoto vinakutana, na ni vizuri vikutane. Afisa anayemkagua binti wa miaka tisa anayesafiri bila mzazi anafanya kazi ambayo sote tungetaka aifanye. Binti alikuwa na pasipoti yake, ambayo mama yake aliiandaa zamani akidhani atamchukua Doha. Kilichokosekana ni ridhaa. Mama yake alikwenda ubalozi wa Kenya Doha, akasaini barua ya kumruhusu dada yake, mke wa Mwalimu, kusafiri na mtoto hadi Mbeya na kurudi, akaituma ya karatasi kwa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Tuliambatisha cheti cha kuzaliwa na nakala ya pasipoti ya mama. Halafu nikawaomba jambo ambalo haliandikwi kwenye fomu yoyote: mwambieni mtoto kwamba ataulizwa yeye mwenyewe. Asifundishwe maneno. Ajue tu anakwenda wapi, kwa nani, na kwamba kusema ukweli hakuna ubaya.

Mama mkwe alikuwa na wasiwasi kuliko wote. "Mwanangu, nitaachwa mpakani kama mzigo, mtoto wangu aoe bila mimi?" Nilimwambia, "Hapana, Mama. Hilo tunalimaliza wiki hii." Wakenya wengi wamezoea kwenda Kampala au Kigali kwa kitambulisho cha taifa, kwa sababu Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo mwaka 2014. Tanzania haimo kwenye makubaliano hayo. Pasipoti ya kawaida ingewezekana, ila foleni ya Nyayo House, ofisi ya pasipoti Nairobi, mwezi wa Novemba sikuiamini. Kuna kibali cha muda cha kusafiria ndani ya Afrika Mashariki ambacho raia wa Kenya huomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwa safari moja kama hii kinatosha. Mjukuu mkubwa alimjazia fomu kwenye simu, Mama akapigwa picha akiwa amevaa kitambaa kichwani, ikakataliwa, akapigwa nyingine.

Tatizo lake halisi lilikuwa chanjo. Tanzania hudai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, si siku ile ile, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Kwa hiyo Mwalimu na mkewe, ambao hawakuwahi kuchanjwa, ilibidi wadungwe pamoja na watoto si chini ya siku kumi kabla. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 chanjo hii hutolewa kwa tahadhari, kwa sababu madhara makali, ingawa ni nadra, huongezeka kwa umri. Mama ana kisukari pia. Nilimkatalia mkewe Mwalimu aliposema "achomwe tu tumalize". Walikwenda kwa daktari anayemjua, akapima, akaamua asichanjwe, akaandika sababu kwenye ule ukurasa wa kijitabu cha manjano cha chanjo uliotengwa kwa wasioweza kuchanjwa, akasaini na kugonga muhuri. Cheti cha namna hiyo kinatambuliwa kimataifa, na afisa wa afya mpakani ana nafasi ya kukipima. Bila hicho, kuna watu mpakani watakaokwambia suluhisho ni kununua kijitabu chenye muhuri wa sindano ambayo hukudungwa. Huo ni uongo unaomwacha mama mzee bila kinga na familia nzima ikiwa na hati bandia mkononi.

Kuhusu barabara nitakuwa mfupi, kwani njia yenyewe ni nzuri. Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 165, kupitia Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil. Kutoka hapo Arusha ni kama 110, Babati kama 170 zaidi, Dodoma 250, Iringa 260 ukipita bwawa la Mtera, na Mbeya 330 na ushei. Lami ya Babati hadi Dodoma kupitia Kondoa ilizinduliwa mwaka 2018, na imeokoa watu wengi kuzunguka. Mpango wa kwanza ulisema watoke Alhamisi alfajiri, walale Dodoma, Ijumaa wafike Mbeya. Kwenye simu hesabu hiyo inakubali. Lakini kwenye kila makazi Tanzania kuna kibao cha 50, na unakwenda hamsini mpaka ukikute kingine chenye 50 iliyokatwa mstari. Askari wenye kipima mwendo hawako mbali na hicho cha pili. Ukiweka vijiji, chai na choo cha Mama, wastani wa kilomita 60 kwa saa ndio wa kweli. Kilomita 695 hadi Dodoma ni karibu saa kumi na mbili, ongeza saa mbili za mpaka. Wakiondoka saa kumi na moja alfajiri wangeingia Dodoma saa moja usiku, na sehemu ya mwisho ni giza, Desemba, wakati mvua za kule katikati na kusini zimeanza.

Tukaiwahisha safari kwa siku moja: Jumatano Nairobi hadi Babati, Alhamisi hadi Iringa, Ijumaa asubuhi hadi Mbeya. Kipande cha Iringa hadi Mbeya nilitaka wakipite mchana na bila haraka, maana hapo wanaingia njia ya malori ya Tunduma na Zambia, na miteremko ya karibu na Mbeya imeua watu. Pesa ya Dodoma ilipotea. Nadhani ilikuwa bei halali.

Faini ya kosa moja la barabarani kwa gari Tanzania ni shilingi 30,000 za huko, na hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali unayolipia kwa simu, siyo noti mkononi. Hiyo ndiyo sababu niliwaambia wanunue laini ya simu ya Tanzania, isajiliwe kwa pasipoti na alama ya vidole, iwekwe pesa kabla ya kuondoka mji wa kwanza. Kwenye gari: pembetatu mbili za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019 ilibaki Donholm. Chapati zilifungwa kwa karatasi ndani ya kikapu. Blanketi na leso za kuwatunza wakwe zilibebwa na risiti zake, tukaamua zitajwe forodha hata kabla ya kuulizwa. Mbegu za maharagwe ambazo Mama alitaka kumpelekea mkwe wake zilitolewa kwenye begi, kwa sababu mimea na mbegu zina vibali vyake na muda ulikuwa umetuishia. Hilo lilimuuma.

Barua ya pili ya benki haikuwa imetoka zikiwa zimesalia siku tisa. Hapa tuliweka ukomo: isipopatikana kufikia Ijumaa saa kumi jioni, Noah inabaki, familia inakata tiketi za basi. Mwalimu hakupenda. Alikuwa amelitengeneza gari lile kwa mikono yake na alitaka shemeji yake alione. Lakini mpango usio na siku ya kuachwa huwaburuta watu hadi asubuhi ya safari wakiwa bado wanapiga simu, na tiketi za Desemba haziwasubiri. Barua ilitoka Alhamisi.

Namanga walitumia kama saa moja na nusu. Afisa wa forodha aliisoma barua mara mbili, akatoka nje na kuinama kwenye kioo cha mbele kulinganisha chasisi. Wa afya alikisoma kijitabu cha Mama, akamuuliza anatumia dawa gani, akamtakia safari njema. Kwenye uhamiaji mwanamke mmoja aliweka kando barua ya Doha, akainamia kaunta, akamuuliza mtoto, "Huyu ni nani wako?" Mtoto akajibu, "Ni mama mkubwa. Tunaenda harusi ya anko, mimi ndio wa maua." Muhuri ukagongwa.

Kitu kimoja kilibaki, na ndicho watu husahau wakiwa wamechoka. Kibali cha gari kina tarehe ya mwisho, na afisa huandika siku kulingana na ulichomwambia. Mwalimu alikuwa ameambiwa aseme ukweli wote wa ratiba, kwa kuwa baada ya harusi walitaka kushuka Tukuyu hadi Matema, ziwani Nyasa. Alisema, akapewa siku za kutosha. Wakati wa kurudi kibali hicho lazima kifungwe, na mfungaji ni afisa wa Tanzania aliyeko ndani ya jengo la Kenya. Ukipita bila kumwona, kwenye mfumo wao gari lako bado liko Tanzania, na siku utakayorudi huko utakuta unadaiwa maelezo. Walifika Namanga jua likizama, watoto wamelala, Kenya iko mbele ya macho. Mkewe ndiye aliyekumbuka, akamrudisha Mwalimu ndani. Benki ilipompigia wiki iliyofuata kuuliza kama gari limerudi, aliwatumia picha ya kibali kilichofungwa, na tarehe yake inasomeka.